Kila Ugonjwa ni Gesi

Basi la mkoani likianza kumdondoshea abiria maji utosini, na nje jua la Januari linachoma, humo ndani maoni hayakosekani. Mmoja anatazama juu na kusema mvua imeingia. Mwingine anamkazia macho mtoto aliyepakatwa kiti cha nyuma, kwa jicho la kumshuku. Halafu yupo bwana mmoja, hakosi safari, mwenye shati lililonyooshwa pasi na simu mbili, ambaye hatazami juu wala nyuma. Yeye hutoa hukumu tu: "AC hiyo. Imeisha gesi."

Abiria wanaitikia. Konda anaitikia. Dereva, ambaye hakuulizwa, anaitikia kwa kichwa kupitia kioo. Basi halijafika Kibaha, ugonjwa umeshajulikana na dawa yake pia. Kilichobaki ni kumpigia simu tajiri, naye tajiri ampigie fundi amwambie aje na mtungi.

Maji yale, mara nyingi, hayana habari na gesi. Yanataka mtu apande juu ya paa na kipande cha waya.

Mtu huyo akitafutwa hupatikana Kariakoo, na asipopatikana Kariakoo basi spea zake zimetoka huko. Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja, ukakata Mtaa wa Lumumba kuelekea Gerezani, kila kitu kinachozunguka, kinachopuliza au kinachopasha moto kina mtu anayekijua nje ndani. Yuko mwenye belti, yuko mwenye beringi, yuko mwenye kapasita za kila saizi zilizorundikwa kwenye ndoo, na yuko mwenye feni zilizotolewa kwenye magari ambayo yenyewe yalishakatwa vyuma chakavu. Fundi AC ana benchi pembeni ya duka la mtu. Ana geji zenye mipira mitatu, wa bluu, mwekundu na wa njano. Ana pampu ya kuvuta hewa, na ana chupa ya maji ya sabuni ambayo ndiyo kifaa chake cha maana kuliko vyote, ingawa hakuna mteja aliyewahi kuisifia.

Juu ya benchi hilo, ukuta wa ghorofa umejaa AC za maduka, na kila moja ina mpira mdogo wa kutolea maji unaoning'inia bila kujali nani yuko chini. Wamachinga wa Msimbazi wanaijua ramani ya matone hayo kuliko wenye majengo. Maduka yakifunguliwa asubuhi na AC zikawashwa, meza ya soksi inasogezwa hatua moja kushoto, ya chaja hatua mbili kulia, na anayebaki katikati ni mteja. Wapo wanaoyakinga kwenye dumu wakayatia kwenye pasi ya mvuke, kwa kuwa ni maji yasiyo na chumvi. Hapo mtaani husikii mtu akisema gesi imeisha. Kila mmoja anajua kwamba AC inayotoa maji ni AC iliyo kazini. Elimu hiyo humtoka mtu akishakata tiketi ya basi.

Na mashine yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya kutoa maji. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alipewa shida ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Unyevu wa kiangazi ulikuwa ukizifanya karatasi zitanuke na kusinyaa, rangi ya pili ikawa hailali juu ya ile ya kwanza. Hakuna aliyemwomba awapoze wafanyakazi. Kilichotakiwa ni karatasi zikae kavu. Akapitisha hewa kwenye mabomba baridi, unyevu ukageuka matone, hewa ikatoka imekauka. Wachapaji kupata ubaridi ilikuwa bahati yao. Dar es Salaam, ambako mwezi Februari nguo iliyoanikwa jioni huamka na maji yake, kazi ile ya Brooklyn inaendelea kwa zamu mbili: basi lililojaa watu wanaopumua na kutokwa jasho linaweza kutoa lita kadhaa za maji kwa saa moja.

Juu ya basi, matone hayo huangukia kwenye trei iliyo chini ya koili, kisha hushuka kwa mipira iliyofichwa ndani ya bodi hadi chini ya gari. Mipira ikiziba kwa vumbi na majani, trei hujaa. Dereva akipiga breki, maji hukimbilia mbele. Akipanda mlima, hurudi nyuma. Ndiyo maana abiria wa kiti cha mbele hulowa kwenye tuta la Chalinze, na wa kiti cha nyuma husubiri zamu yake Kitonga.

Paa la basi halikuwa mahali pa siri namna hii. Zamani, Ubungo haijajengewa stendi, mabasi ya mikoani yalikuwa yakiondokea katikati ya mji, Kisutu na hapa hapa Mnazi Mmoja, na juu yake kulikuwa na keria. Kwenye keria kulikuwa na maisha yote ya nchi: magunia ya mchele, vitanda, baiskeli, matenga ya kuku waliofika wakiwa wamechoka kuliko abiria. Turniboi alipanda na kushuka hapo mara nyingi kwa siku. Kitu kikilegea juu alikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu alikuwa amekikalia.

Sasa safari zinaanzia Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli iliyozinduliwa mwaka 2021. Keria imeondoka, mizigo imehamia tumboni mwa basi, na mahali pake limewekwa kava jeupe la faibaglasi lenye feni zilizopangwa mstari. Ngazi ya nyuma nayo imeondoka. Turniboi amevaa tai, anagawa maji ya chupa na biskuti, na ukimwambia apande juu ya paa anakutazama kwa mshangao.

Hapo ndipo kiyoyozi cha basi kinapokuwa yatima. Makanika wa injini anasema hiyo ni kazi ya fundi umeme. Fundi umeme anasema hiyo ni friji. Fundi friji, aliyezoea friji zinazokaa kimya jikoni, anasema hilo ni gari. Wote watatu wana ukweli kidogo. Kompresa inazungushwa na injini kwa belti. Klachi yake na feni zake zinakula umeme wa volti 24 wa gari. Kilichobaki ni friji, ila friji hii inasafiri Mbeya na kurudi, inapigwa na mvua, inakunywa vumbi la barabara, na ikirudi Dar inalala kwenye upepo wa chumvi unaoitafuna aluminiamu taratibu.

Wala si friji ndogo. AC ya chumbani inayouzwa sana Kariakoo ni ya BTU 12,000, ambayo mafundi huiita tani moja, kipimo kilichotokana na joto la kuyeyusha tani nzima ya barafu kwa saa 24. Basi la mita 12 hubeba juu yake mashine ya kilowati 30 hivi, yaani karibu tani tisa. Tajiri ambaye nyumbani huita fundi kila baada ya miezi michache aoshe AC ya sebuleni, na kusimama mlangoni kuhakikisha anaiosha kweli, anazo AC za vyumba vinane au tisa juu ya basi lake, na hajawahi kuziona kwa macho.

Abiria naye hana subira, na ana sababu. Desemba 2023 LATRA ilipotangaza nauli mpya, basi la daraja la kawaida liliwekewa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita, na la daraja la kati shilingi 67.84. Tofauti ni shilingi 19.37. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita zipatazo 450, hiyo inakaribia shilingi 8,700. Fedha hiyo inalipia mambo mengi, kiti kizuri kikiwemo, lakini abiria hana habari na kiti. Amelipia baridi. Basi lenyewe vioo havifunguki, na AC ikizima Mikese hana pa kupumulia ila kile kidirisha cha dharura kilicho darini, kinachofunguliwa na kijana mrefu kuliko wote kwa kura ya wazi.

Ubishi hubadilika sura usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, watu wale wale waliodai haki yao ya baridi Morogoro hufika Makambako wamejifunga mashuka, wakimpigia dereva kelele azime. Dereva anazima. Bwana mwenye simu mbili anaamka, anahisi kimya, anasema gesi imeisha.

Safari za kukodi ndizo zenye vituko zaidi, kwa sababu basi huwa limetolewa yadi bila kutarajiwa. Asubuhi moja ya Jumamosi, kabla jua halijachomoza, basi la msiba lilikuwa limeegeshwa pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja likingoja kupeleka watu Muheza. Dereva alikuwa amejaribu AC, ikapuliza hewa ya moto yenye harufu ya godoro bichi. Fundi akaamshwa, akaja na bodaboda, geji shingoni.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, fundi. Gesi umekuja nayo?"

Hakuulizwa habari za nyumbani wala habari za asubuhi. Fundi akaomba ngazi. Hakuna. Akaomba basi lisogezwe mbele kidogo, maana juu yake kulikuwa na nyaya, na fundi AC wa Kariakoo hujifunza kuogopa nyaya kabla hajajifunza kushika spana. Kisha akapanda kwa kupitia tundu la dharura, akaegemeza unyayo mmoja mgongoni mwa kiti na mwingine kwenye sehemu ya kuwekea mikoba. Kwa muda usiopungua wa kuchemsha chai, waombolezaji walikaa na miguu miwili inayoning'inia katikati ya basi. Mama mmoja mwenye khanga mpya akageuzia uso dirishani kwa heshima zake.

Juu, skrubu za kava zilikuwa zimeshikwa na kutu, mbili zikakatika, ya tatu ikachomoka na kupotelea ndani ya njia ya hewa, ambako iliendelea kulia kila kona hadi Muheza. Kava lilipofunguka, mambo yakawa hadharani. Kondensa, ile koili inayotakiwa kupitisha upepo ili itupe joto nje, ilikuwa imevaa blanketi la vumbi, majani makavu ya mkungu na mabawa ya panzi. Na juu ya feni ya pili, imejinyoosha vizuri, ilikuwa mifuko ya plastiki. Serikali iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mitaani imeadimika, hapa ilikuwa imepata ajira ya kudumu, kazi yake kuizuia feni isipumue.

Fundi akaondoa mifuko, akapiga brashi, akaomba maji ili asafishe trei ya koili ya ndani. Turniboi, aliyekuwa ameona aibu kwa sababu ya ngazi, akaamua kufidia. Akapandisha dumu la lita ishirini na kulimimina lote kwa mkupuo. Mipira ilikuwa imeziba. Maji yakatafuta njia nyingine, yakaipata, yakatokea kwenye tundu la hewa juu ya kiti cha mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na koti, amekaa wima kwa utulivu wa msiba.

Mzee hakupiga kelele. Alijifuta uso, akanusa kiganja, akauliza kwa upole: "Mwanangu, sasa hiyo gesi yote mliyomwaga, iliyobaki itafika Muheza?"

Waya ulipopitishwa kwenye mpira wa kutolea maji, tope jeusi lilitoka nyuma ya gurudumu, laini, limepikwa vizuri na miezi mingi ya barabara. Injini ikawashwa, klachi ya kompresa ikalia tak, na baada ya dakika chache abiria wakaanza kufunga vitundu vya juu ya vichwa vyao. Gramu hata moja ya gesi haikuongezwa.

Hapa ndipo imani ya mji mzima inapopotoka. Gesi ya AC si dizeli. Haichomwi, wala haipungui kwa kilomita. Imefungiwa ndani ya mabomba na inazunguka tu: kompresa inaikandamiza, kondensa inaitoa joto hadi inakuwa majimaji, inapenya kwenye tundu jembamba, kisha inachemka ndani ya koili ya ndani na kunyonya joto la abiria. Ikipungua, imetoka mahali. Ni kweli basi hutetemeka sana, na mipira na sili zake huvuja kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Lakini AC iliyojazwa Jumatatu na kuisha Alhamisi ina tundu, na tundu halizibwi kwa kujaza gesi nyingine. Huzibwa kwa kutafutwa, kwa ile chupa ya maji ya sabuni isiyosifiwa: unapaka kiungo baada ya kiungo, unatazama povu litakapofura.

Kuna sababu nyingine ya kutoipenda gesi kupita kiasi. Magari ya zamani yalitumia R-12, ambayo ilitoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuiondoa, Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na magari yakahamia R-134a, ile ya mtungi wa bluu mpauko. Hii haitoboi ozoni, ila kilo moja ikitolewa hewani hupasha dunia joto sawa na kilo zipatazo 1,400 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo Oktoba 2016, Kigali, ikakubaliwa kwamba gesi za jamii hiyo nazo zipunguzwe hatua kwa hatua. Fundi anayelegeza nati ili "ya zamani itoke kwanza" anaupasha moto mji ule ule aliokuja kuupoza.

Halafu kuna mitungi ya kudanganya. Rangi ya mtungi ni rangi tu, na kopo la rangi si ghali. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka bandarini na kuua watu 3, wawili Vietnam na mmoja Brazil, baada ya kujazwa gesi bandia ambayo ilishambulia aluminiamu ya kompresa. Mafundi makini wa Gerezani hupima mtungi kwa geji kabla ya kuuchomeka: kila gesi safi ina presha yake kwa joto la siku hiyo, na isiposomeka hivyo, rangi haina la kumsaidia muuzaji. Makini zaidi hukataa kupima uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea, hata kama mtungi wake uko jirani na naitrojeni iko mbali, kwa sababu oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa hulipuka.

Mwingine anayesahaulika katika hesabu ni kunguru. Wale kunguru wa India walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, kisha wakavuka bahari bila nauli, hupenda kujengea viota kwa vipande vya waya. Basi likilala yadi wiki kadhaa likisubiri injini, juu yake pana kila anachotaka kunguru: kivuli cha kava, joto, na waya zilizokwisha vuliwa plastiki na jua. Fundi akifungua hukuta kiota kimesukwa kwa waya za shaba na hanga za kuanikia nguo, kazi safi, na ndani yake fyuzi. Kumweleza tajiri kwamba fyuzi ilichukuliwa na ndege ni kazi ngumu kuliko kuibadilisha.

Wenye shida kama hizi wako hata mbali. Marekani kuna magari ya kulala, yenye kitanda, jiko na choo, ambayo wastaafu huzunguka nayo nchi, na juu ya mengi yake kuna kiyoyozi cha BTU 13,500 au 15,000. Kimekaa juu ya tundu la mraba la inchi 14, sentimita 36 hivi, ambalo asili yake lilikuwa la kidirisha cha hewa. Kimeshikwa na bolti nne ndefu na ukanda wa sponji. Ukikaza sana, sponji inakufa. Ukikaza kidogo, mvua inaingia. Mvua ikiingia, mwenye gari anasema AC inavuja. AC ikipuliza moto kwa sababu fini zimejaa manyoya ya mbwa na vumbi la kambi, anasema, kwa Kiingereza, maneno yale yale ya bwana mwenye simu mbili.

Magari hayo ni adimu Dar es Salaam. Machache yanayokuja na wasafiri wanaokata bara zima kwa barabara hupenda kulala ufukweni Kigamboni, kwa kupitia pantoni la Magogoni au Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Lililotengenezwa kwa soko la Marekani linataka umeme wa volti 120 wenye mizunguko 60 kwa sekunde. TANESCO inatoa volti 230 na mizunguko 50. Mwenye gari akitafuta plagi ya kugeuzia tu, ataipata Kariakoo kwa bei ya soda chache, na kabla ya jioni atapata pia moshi. Akishauriwa vizuri atanunua transfoma ya kushusha umeme, nayo ni nzito, mtu wa mkokoteni atamweleza bei yake. Transfoma hushusha volti, haigusi mizunguko. Mota itazunguka polepole, pungufu ya sehemu moja kwa sita, na kwa kuwa ndani ya kiyoyozi kile mota moja ndiyo huzungusha feni ya ndani na ya nje pamoja, upepo unapungua kotekote.

Kapasita ikifa, fundi wa Kariakoo hana wasiwasi. Kapasita haina uraia, inasomwa mikrofaradi na volti, inachaguliwa kwenye ndoo. Kinachomtesa ni kingine. Amefungua kava, ameosha fini, amezichana kwa kitana cha chuma zikasimama safu. Anachukua geji yake na kuizunguka mashine, anazunguka tena, anapiga magoti, anapapasa chini. Anatafuta valvu ya kuingizia gesi. Haipo. Viyoyozi vingi vya magari haya hufungwa kiwandani moja kwa moja, mabomba yamechomelewa, hakuna pa kuchomeka kitu. Fundi aliyelelewa Gerezani husimama hapo na mipira yake mitatu mkononi, amekutana na AC ambayo haiwezi kusingiziwa.

Tukirudi kwenye basi, huduma yenyewe haina maajabu, na ndiyo shida yake sokoni. Chujio za ndani zioshwe mara kwa mara, na msimu wa vumbi mara nyingi zaidi. Fini zisafishwe kwa maji ya presha ndogo, kutokea ndani kwenda nje, si kwa mashine ya kuoshea matairi inayozilaza zote. Mipira ya maji ipitishwe waya au ipulizwe. Belti ikazwe, klachi isikilizwe, feni zizungushwe kwa mkono moja moja, nyaya zikaguliwe. Baada ya hayo yote ndipo geji itolewe. Uvujaji ukipatikana, uzibwe, hewa ivutwe kwa pampu mpaka mabomba yabaki matupu kabisa, kisha gesi iingizwe kwa mizani, kwa kilo zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine na si kwa kuonja ubaridi kwa kiganja.

Lakini mteja hanunui waya, ananunua gesi. Fundi wa basi la msiba alilijua hilo tajiri alipopiga simu kulipa.

"Umeweka kilo ngapi?"

"Sikuweka, bosi. Ilikuwa uchafu. Mipira iliziba, na feni ilikuwa na mifuko."

Simu ikanyamaza. "Kwa hiyo nikulipe hela ya uchafu?"

Wakakubaliana nusu, na nusu hiyo ikaja kwa mafungu. Tangu hapo fundi habishani. Akiitwa kwenye basi, hubeba mtungi wa bluu kwenye bodaboda, akausimamisha chini mahali panapoonekana vizuri, mpira wa njano akauzungushia juu yake, kisha akapanda paani na brashi, waya na chupa yake ya sabuni. Akiulizwa, husema kweli: hakuufungua. Ila mara nyingi haulizwi. Tajiri hufika, akatia mkono kwenye hewa inayotoka, akautazama mtungi, akamgeukia dereva.

"Si nilikwambia?"

Na hulipa yote, papo hapo, kwa simu, na ya kutolea juu.